Kazi ya Bure na Uzito wa Jirani

Mashine ya kuchomelea si ya mafundi peke yao tena. Zimekuja ndogo zinazobebwa kwa mkono mmoja, na wengi wetu, walimu, makarani, madereva, hata wachungaji, tunayo moja uani pamoja na grenda, nyundo na kopo la rangi. Jumamosi tunaunga miguu ya kitanda, bawaba za geti, keria ya baiskeli. Ni furaha ya kweli, wala hatuoni sababu ya kuionea haya. Majirani wakijua, huanza kuleta vitu vyao. Hapo swali linazaliwa: je, kazi tunayoifanya bure inatudai uaminifu ule ule wa kazi inayolipiwa?

Wengi watajibu upesi kwamba ndiyo. Lakini tusikilize tunavyosema tukikabidhi: "Chukua tu, mama, si umesaidika?"

Anayechomelea anajua siri moja. Rodi ya milimita 2.5 hutaka umeme wa ampia 60 hadi 90 hivi. Umeme ukiwa mdogo, kama unavyoshuka mitaani jioni, rodi huyeyuka ikakaa juu tu, isiingie ndani ya chuma kinachoungwa. Ndivyo ilivyo pia pale kutu isiposuguliwa kwanza. Ukigonga gamba, ukapitisha grenda na kupaka rangi, mshono huo hufanana kabisa na ulio mzima. Tofauti anaijua aliyeuchoma. Mwingine atakayeijua ni yule atakayekikalia kiti.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther alipoeleza Amri ya Saba hakuishia kwa mwizi avunjaye mlango. Aliingiza humo pia bidhaa mbovu na biashara ya hila. Mtu atasema: hatukupokea hata senti, tumeiba nini? Tunadhani tumechukua kitu kikubwa kuliko senti, yaani haki ya kulalamika. Fundi wa kulipwa hurudishiwa kazi yake. Mteja humjia asubuhi na kiti mkononi na maneno ya kutosha. Lakini bibi aliyeungiwa kiti bure atasema nini kikianza kuyumba? Atanyamaza, kwa kuwa tumelelewa kwamba aliyesaidiwa hushukuru. Shukrani yake imemfunga mdomo, naye anaendelea kukikalia.

Kwa hiyo kazi ya bure inadai uangalifu zaidi, si pungufu. Sisi Walutheri tunahubiri neema ya bure kila Jumapili, na tunafahamu kwamba ni bure kwa anayeipokea, aliyeitoa ilimgharimu.

Nabii Isaya, katika sura ya 41, anawachora mafundi wa sanamu wakisifiana kwamba kulehemu kumekuwa kwema, kisha wanaikaza kwa misumari isitikisike. Tunacheka, lakini sifa za namna hiyo tunazijua. Picha ya mshono unaong'aa tunawatumia rafiki zetu kabla kiti hakijakaliwa na mtu.

Wakati mwingine upendo ni kukataa. Keria tutaunga. Ngazi ya kupandia paani, au fremu ya pikipiki inayobeba abiria, tumpeleke mwenyewe kwa fundi aliyesomea, na kama pesa ndiyo shida tuchangie. Hiyo nayo ni sadaka. Pipa lililowahi kubeba petroli tusiliguse hata likionekana kavu, maana mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Na kiti cha bibi, kabla hakijatoka uani, tukikalie sisi kwanza kwa uzito wetu wote, tukijitikisa huku na huku mbele yake. Kisha tumwambie: "Bibi, kikiyumba hata kidogo, mtume mjukuu akirudishe, usione aibu." Na kwa kuwa huenda asimtume, baada ya wiki mbili tupite kumsalimia, na tukiinamie kiti kukitazama.