Cha Juu

Neno dalali tumelipokea kutoka Kiarabu, na ndugu yake wa tumbo moja ni dalili. Shina lao ni moja, lenye maana ya kuonyesha. Dalali, kwa asili ya jina lake, ni mtu wa kuonyesha: humwonyesha mwenye mali aliko mnunuzi, humwonyesha mnunuzi iliko mali, kisha hupokea ujira wake mbele ya wote wawili. Mji wa bandari hauwezi kuishi bila ya mtu huyu, na sisi watu wa pwani hatukumwona mnyonyaji kwa sababu tu hakulima wala hakuvua.

Lakini yupo dalali wa pili, aliyezaliwa ndani ya yule wa kwanza na kulirithi jina lake. Huyu haonyeshi, huficha. Humwendea mwenye shamba au nyumba, hupatana naye bei, huandikiana naye karatasi na kumwachia arubuni kidogo, kisha huenda kumtafuta mnunuzi halisi na kumtajia bei nyingine. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo riziki yake. Dar es Salaam na bara huiita cha juu. Mawinga wa Kariakoo huishi kwa cha juu cha viatu na simu. Huyu huishi kwa cha juu cha ardhi. Huko Marekani jambo hili limekuwa fani yenye vitabu na walimu wake, na mwanafunzi huahidiwa kwamba aweza kuanza bila ya mtaji wowote.

Somo la kwanza la fani hiyo ni namna ya kumpata muuzaji, na si muuzaji yeyote, maana mwenye nyumba aliyetulia hauzi chini ya thamani. Anayetafutwa ni yule ambaye jina lake la Kiingereza, nikilifasiri neno kwa neno, linakuwa "muuzaji mwenye hamasa". Kazi yangu ni kufasiri, na nimesita mbele ya maneno haya kuliko nilivyowahi kusita mbele ya beti ngumu. Hamasa! Abu Tammam, katika karne ya 9, alikusanya mashairi ya Waarabu chini ya jina hilo, nalo lilimaanisha ushujaa na moto wa moyo. Vitabu hivi humkusudia nani? Aliyefiwa na mzazi akaachiwa nyumba asiyoiweza, mume na mke wanaoachana, mwenye deni la kodi, mgonjwa, mtu ambaye benki iko mlangoni. Mwanafunzi hufundishwa kupekua majalada ya mirathi na talaka na orodha za wadaiwa, kisha abishe hodi. Mimi ningefasiri "aliyebanwa", na sioni neno jingine la haki.

Hapo ndipo penye swali langu. Bei mbili sizilaumu. Biashara yote ni bei mbili. Ninalouliza ni kama inafaa shida ya mtu, yenyewe hasa, iwe ndiyo bidhaa inayotafutwa.

Swali hili naomba nilipeleke mbali na ufukwe wetu. Tangu hoteli zijipange Nungwi na Paje, masikio yetu hapa Unguja yamezoea mno habari za viwanja hata hayashtuki. Twendeni Mwazye, juu ya uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa, upande wa kuelekea Zambia: mahali penye misheni ya zamani ya Mapadri Weupe na wakulima wa mahindi, maharage na ulezi. Mwaka 2012 wilaya ya Kalambo ilimegwa kutoka Sumbawanga Vijijini, makao yake yakawa Matai, na lami sasa imetoka Sumbawanga, ikapita Matai, ikafika bandari ya Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika. Mwenye kuisoma ramani hujua ni ardhi ipi itakayopanda thamani. Mwenye kuilima aghalabu huhisi tu kwamba kuna kitu kinakuja.

Na ardhi ile ina habari yake. Uwanda wa Ufipa una nyasi tele na miti haba, kwa hiyo Wafipa hawakuweza kutegemea kuchoma msitu wapate majivu ya kurutubisha mashamba. Walibuni ntumba: nyasi hufukiwa ndani ya vilima vidogo vya mviringo mvua zikielekea kwisha, zikaozea humo, na maharage yakapandwa juu, msimu ufuatao vilima hupasuliwa, udongo ukatandazwa, ulezi au mahindi yakapata chakula chake. Rutuba ya ekari moja yaweza kuwa kazi ya mama na ya bibi kabla yake. Dalali anayehesabu kwa hatua za miguu hupima upana peke yake.

Sasa tuseme, na huu ni mfano tu, kwamba yupo mjane Mwazye mwenye ekari tano, na mwanawe amelazwa hospitali mjini Sumbawanga. Anafika kijana mwenye adabu. "Shikamoo, mama. Pole kwa kuuguliwa." "Marahaba, mwanangu. Ahsante." Amejuaje kuna mgonjwa? Kujua ndiko kazi yake. Anataja shilingi milioni tatu, anaacha laki moja, karatasi inatiwa dole gumba, na salio litalipwa baada ya miezi miwili. Mfanyabiashara wa mjini amekwisha kumwambia kijana yule kwamba angetoa milioni sita. Kijana hana milioni tatu, wala hajawahi kuwa nazo.

Mtetezi wake ana hoja, na si dhaifu. Atasema: mama alitaka fedha, ndugu wakaleta pole, kijana ndiye aliyeleta laki moja. Mnunuzi wa mjini mama asingempata. Nauli, simu na kuzunguka ni gharama. Aweza hata kuwaita mashahidi wa kale: Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, anasimulia habari za Thales wa Mileto, ambaye kwa elimu ya nyota alitambua wakati wa baridi kwamba mizeituni ingezaa sana, akatoa arubuni ndogo kwa mashine zote za kukamulia za Mileto na Kio, na ulipofika msimu akazikodisha kwa bei aliyoitaka. Mtaji kidogo, mkataba, na elimu. Si ndiyo cha juu hiki?

Nakiri wanafanana. Lakini Thales aliziangalia nyota, hakuangalia nani kafiwa. Tena, mizeituni isingezaa, arubuni yake ingepotea na wenye mashine wangebaki na fedha na mashine zao. Kijana wetu akikosa mnunuzi hupoteza laki moja, naam, ila mama hupoteza miezi miwili, na hospitali haikumsubiri. Hatari yote imewekwa juu ya yule aliyekuwa hana nguvu ya kuibeba. Hili ndilo linalonisumbua kuliko hata zile milioni tatu zilizopotelea kati.

Kwenye sheria ya Kiislamu, ambayo wasomaji wa visiwani hawahitaji kuelezwa sana, imo kanuni inayogusa papo hapo. Mtume (S.A.W.) alikataza watu kutoka mjini kwenda kuilaki misafara njiani na kununua bidhaa kabla hazijafika sokoni; na aliyeuza njiani, akifika sokoni, alipewa hiari ya kuidhinisha mauzo yale au kuyavunja. Angalieni jinsi kanuni hii ilivyo na macho. Haikatazi faida, wala haimkatazi mtu wa mjini kununua rahisi. Inampa muuzaji haki ya kuiona bei kwanza. Nikiitumia Mwazye, napata kipimo cha kijana yule: mama akijua leo kwamba mjini kuna milioni sita, je, karatasi itasimama? Kama atasema, "Sawa, wewe umehangaika, chukua chako," basi kijana ni dalali wa ile asili ya jina. Kama karatasi husimama kwa giza peke yake, ni jambo jingine.

Sheria ya nchi nayo iliweka lango. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, haki ya kimila haihamishwi kimyakimya jikoni: halmashauri ya kijiji lazima iidhinishe, na imetakiwa iangalie kama uhamisho huo hauvunji haki ya mwanamke. Watu hulalamikia ucheleweshaji, na kweli vikao huchelewa, na wapo wenyeviti ambao muhuri wao nao una bei. Hata hivyo ucheleweshaji ule ni muda wa jirani kuuliza, "Kwani unauza ngapi?" Kwa sababu hiyo dalali wa giza humwambia mjane kwamba mambo ya halmashauri yatakuja baadaye. Dar es Salaam, kusiko na jirani wa kuuliza, wenyewe wameandika kwa rangi ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. Mimi huyasoma maandishi yale kama shairi la watu wanaoogopa wageni, na wakati mwingine ndugu zao.

Yabaki ya hospitali, maana kipimo hakilipi dawa. Mama anahitaji fedha wiki hii. Lakini huko bara watu hukodishiana mashamba kwa msimu: mwenye nguvu ya kulima hulipa mapema, hulima, huvuna, na shamba humrudia mwenyewe na ntumba zake. Ekari mbili zikikodishwa huenda zisilete milioni tatu, ila zaweza kutosha kumtoa mtoto wodini, na tatu zikabaki za chakula. Kijana anayepita vijijini anazijua kodi hizo vizuri, pengine kuliko mama, na anamjua mkulima mwenye trekta anayetafuta ekari. Angeweza kumwonyesha, akapewa ujira wa siku moja mbele ya wote wawili.