Nani Anawalilia?

Wacha nianze na kukiri. Juzi usiku kijana wangu alileta muvi nyumbani, John Wick ya mwaka 2014. Niliketi nikitaka kumwambia azime. Sikumwambia. Nilitazama mpaka mwisho.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mwanamume amefiwa na mkewe, na mke alimwachia mbwa mdogo wa kumfariji. Mtoto wa bosi wa wahalifu anaiba gari lake na kuua mbwa. Kutoka hapo ni risasi tu. Kusema ukweli, imetengenezwa vizuri. Mwelekezi Chad Stahelski ndiye aliyewahi kumfanyia Keanu Reeves zile sehemu za hatari kwenye The Matrix, na inaonekana. Suti imenyooka, taa ni za rangi, watu wanaanguka kama wanacheza densi. Nilijipata nikisema, "Mpige!" Mimi, mzee wa kanisa.

Halafu kukafika mahali watu 12 wameuawa nyumbani kwake. Anapiga simu, kunakuja kikundi cha kusafisha. Wanafunga maiti, wanapangusa sakafu, wanalipwa sarafu za dhahabu, wanaenda. Kijana wangu akacheka. Mimi nikanyamaza.

Maana Januari 2008 nilikuwa hapa Nakuru. Mnakumbuka. Waliosema wanalipiza ya Eldoret walimvamia jirani ambaye hata Eldoret hajawahi kufika. Nilipopeleka blanketi kule Showground, mama mmoja alinishika mkono akaniuliza kama nimemwona mwanawe. Hakuna kikundi kilichokuja kupangusa uchungu wake. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini.

Biblia pia ina visasi na damu. Someni 2 Samweli sura ya 3. Yoabu anamuua Abneri kwa sababu ya nduguye Asaheli. Lakini hadithi haiishii kwa upanga. Daudi anafuata jeneza, analia kaburini, anakataa chakula. Neno la Mungu linatulazimisha tuone mazishi. Hiyo muvi inayaficha, na ndiyo maana kisasi kinapendeza. Urembo wote ule, na ndani hakuna mtu anayemlilia adui.

"Baba, ni muvi tu," kijana akaniambia. Ni kweli, na sidhani atashika bunduki kwa sababu yake. Lakini yeye alizaliwa baada ya 2008. Sura ya kisasi anayoijua ni hiyo ya suti.

Basi nikazima runinga, nikamsimulia habari za yule mama. Hakuwa amewahi kunisikia nikizitaja. Hilo kosa si la Hollywood, ni langu. Sisi tulioona tulinyamaza, tukaachia sinema ifundishe.

Mzazi, wiki hii keti na mtoto wako umwambie ulichoona. Ukilia mbele yake, si aibu. Hata Daudi alilia mbele ya watu wote.