Kocha Aliyepigwa Kalamu na Wale Anaowaacha Nyuma

Jim Harrick alipigwa kalamu kwa sababu ya risiti ya chakula. Hiyo ilikuwa Novemba 1996, mwaka mmoja na miezi kadhaa tu tangu aipe UCLA ya Los Angeles ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, ubingwa ambao chuo hicho kiliungoja kwa miaka 20. Aliwaandalia karamu vijana wa sekondari waliokuwa wakiwaniwa na chuo, na wachezaji wake walioketi mezani wakawa wengi kuliko kanuni zinavyoruhusu. Bili ilipita dola 1,000. Alipokwenda kudai arudishiwe fedha, akaandika majina ya watu ambao hawakuwepo na kuyaficha ya waliokuwepo. Alipoulizwa, akadanganya. Kosa la wageni kuzidi mezani pengine lingeishia kwenye onyo. Uongo ndio uliomwaga unga.

Je, mtu kama huyo angepata kazi tena? Aliipata mwaka uliofuata. Chuo cha Rhode Island kilimchukua mwaka 1997, na msimu wake wa kwanza akaifikisha timu robo fainali ya taifa. Mwaka 1999 akahamia Georgia, chuo kikubwa zaidi. Huko mwanawe, aliyekuwa msaidizi wake, alikabidhiwa kufundisha somo la ukocha. Mtihani wa mwisho ulikuwa na maswali 20, na moja liliuliza bao la pointi tatu huhesabiwa pointi ngapi. (Nimelisoma swali hilo nikitafuta mtego uliofichwa ndani yake. Hakuna.) Darasani walikuwamo wachezaji wa baba. Mwaka 2003 mambo yalipofichuka, Georgia iliiondoa timu yake mashindanoni kabla hata ya msimu kwisha, na Harrick akajiuzulu.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu nasaha tunazozoea kuwapa waliofutwa kazi zinaelekea upande mmoja tu: pole, subiri, riziki haina mwenyewe, mlango utafunguka. Maneno mazuri hayo, na mtu aliyetoka kuvua beji ya kazini jana anayahitaji. Lakini kwa kocha mwenye ushindi kwenye rekodi yake, mlango kwa kawaida hufunguka. Swali ninalotaka tuliulize ni anaingia na nini mkononi, na nani amebaki nje.

Tuangalie kwanza soko lenyewe. Daraja la kwanza la kikapu cha wanaume vyuoni Marekani lina timu zaidi ya 350, na 68 tu ndizo huingia kwenye mashindano makubwa ya Machi. Mwezi huo haujaisha utasikia makumi ya makocha wametimuliwa, na mara nyingi kiti kimoja kikipata mtu hufungua kingine mahali pengine. Wakurugenzi wa michezo wanapigiana simu, mawakala wanapigiana simu, na vyuo vingine vinakodi kampuni za kusaka makocha. Aliyefukuzwa kwa kupoteza mechi hana doa. Anaweza kuwa msaidizi katika chuo kikubwa, kuwa kocha mkuu daraja la chini, kwenda NBA, ligi ya kulipwa, kukaa kiti cha pili au cha tatu kwenye benchi, kuchambua mechi kwenye televisheni, au kuvuka bahari. Njia ziko nyingi. Kinachozifunga mara nyingi ni kiburi chake mwenyewe, kwa kuwa mtu aliyezoea kuitwa kocha mkuu huona haya kubeba daftari la mwingine.

Hapo ndipo ninapomsifu Kelvin Sampson, japo hakuondoka Indiana kwa heshima. Aliondoka Februari 2008 baada ya kukiuka kanuni za kuwapigia simu vijana wa sekondari, aina ya kosa aliloadhibiwa kabla kwa yale aliyoyafanya Oklahoma. Shirikisho la michezo ya vyuo, NCAA, likampa adhabu ya miaka mitano: chuo chochote kitakachotaka kumwajiri kwanza kifike mbele ya shirikisho kujieleza kwa nini nacho kisiwekewe vikwazo. Kwa vitendo, hiyo ni kufungiwa. Sampson akaenda kuwa msaidizi katika NBA, Milwaukee kisha Houston, kwa miaka sita. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Houston kikamchukua. Mwaka 2021 alifika nusu fainali, na 2025 alipoteza fainali kwa pointi mbili tu. Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa: katikati ya adhabu yake, vikomo vya simu kwa vijana vililegezwa kwa makocha wote wa kikapu cha wanaume. Angeweza kuzunguka akilalama kwamba aliadhibiwa kwa jambo ambalo sasa ni ruhusa. Benchi la NBA lilimpa kazi nyingine ya kufanya.

Wahenga walituambia njia ya mwongo ni fupi. Nawaheshimu wahenga, lakini katika soko la makocha wa Marekani njia hiyo inaweza kuwa ndefu na kuishia mahali pazuri. Bruce Pearl wa Tennessee aliwaalika nyumbani kwake vijana ambao kanuni hazikuwaruhusu kuwapo. Wapelelezi wa NCAA walimwonyesha picha aliyopigwa na mmoja wao, ndani ya nyumba yake mwenyewe, wakamuuliza ilipigwa wapi. Akasema hajui. Machi 2011 akafukuzwa. Alifanya kazi katika kampuni ya kuuza bidhaa za vyakula kwa jumla, akachambua mechi kwenye televisheni, na Machi 2014, adhabu aliyopewa na NCAA haijaisha, Auburn wakamwajiri. Alifika nusu fainali ya taifa mwaka 2019 na tena 2025. Rick Pitino naye alitimuliwa Louisville Oktoba 2017, ubingwa wa 2013 ukafutwa kwenye vitabu, akaenda Athens kuifundisha Panathinaikos, akarudi Marekani kupitia chuo kidogo cha Iona, na leo yuko St. John's, New York.

Kwa hiyo kijana anayeniuliza kama uongo hulipa, sitamdanganya kwa kumwambia kwamba mwongo hukosa kazi daima. Huipata, akiwa mshindi. Ninachomwambia ni kwamba kupata kazi si ushahidi wa kusamehewa, wala si ushahidi wa kubadilika. Mkurugenzi wa michezo anapomwita mtu kwenye mahojiano anatazama viti vya ukumbi vilivyo tupu. Harrick alihojiwa na vyuo viwili baada ya risiti ile, na vyote vikamkabidhi ufunguo. Hakuna aliyemfanyia kazi ya kujihoji nafsi.

Kuna suala la fedha pia, nalo ni gumu kuliko linavyoonekana. Kocha mkuu anayefukuzwa kwa kupoteza mechi mara nyingi huondoka na fidia ya miaka iliyobaki kwenye mkataba, na katika vyuo vikubwa fidia hiyo hufika mamilioni ya dola. Mikataba mingi ina kifungu kinachomtaka atafute kazi nyingine kwa nia njema, na mshahara wa kazi mpya hukatwa kwenye fidia. Matokeo yake unaweza kukuta mtu amekubali ujira mdogo kwingine kwa sababu anajua pengo litazibwa na mwajiri wa zamani, au ameketi nyumbani akisema anatafuta kazi huku simu yake imezimwa. Sheria huenda isimguse. Kula fidia uliyoisaini si aibu, ulipewa kwa hiari ya watu wazima. Lakini ukishaahidi kutafuta, tafuta. Ahadi iliyo kwenye karatasi ya wakili ni ahadi kama ile iliyotolewa mbele ya wazee.

Wasaidizi wa kocha aliyefukuzwa je? Hawa ndio waliokaa barabarani usiku kucha kutazama vijana katika mashindano ya sekondari, waliokata video za wapinzani alfajiri, waliompeleka mchezaji hospitalini wakati kocha mkuu yuko kwenye hafla ya wafadhili. Mkuu akitimuliwa, kwa kawaida nao hutoka, kwani kocha mpya huja na watu wake. Mikataba yao ni mifupi na fidia yao ni kidogo. Watoto wao wako katikati ya muhula. Na majina yao hayamo kwenye habari za michezo, hivyo hakuna mwenye kiti anayewatafuta.

Kwa kocha mkuu aliyefukuzwa nasaha yangu ni moja, na aifanye kabla hajampigia wakala wake: akae na orodha ya wasaidizi wake na apige simu kwa ajili yao. Aandike barua zenye ukweli, zenye kutaja kazi mahususi aliyoifanya kila mmoja. Na asiwatupie lawama. Nimewasikia makocha kwenye mahojiano wakieleza kwamba shida ilikuwa ni watu waliowazunguka. Watu hao uliwachagua wewe.

Ubaya wa kinyume chake ulionekana Baylor, Texas, mwaka 2003. Mchezaji Patrick Dennehy aliuawa na Carlton Dotson, aliyekuwa mwenzake wa timu. Uchunguzi ulipoanza, kocha Dave Bliss aliogopa itajulikana kwamba alikuwa akimlipia Dennehy karo kinyume cha kanuni. Akapanga uongo: wasaidizi na wachezaji waseme marehemu alikuwa muuza dawa za kulevya, na huko ndiko fedha zilikotoka. Kijana ameshakufa, hawezi kujitetea. Msaidizi mmoja aliyekuwa mgeni kazini, Abar Rouse, aliona akinyamaza atashiriki na akisema atafukuzwa, akaficha kinasa sauti kidogo na kuyarekodi mazungumzo. Kanda zikatoka hadharani, na Bliss, ambaye tayari alikuwa amejiuzulu, akaadhibiwa kwa miaka kumi.

Sasa hesabu ajira zao. Bliss alipata kuifundisha Dakota Wizards, timu ya kulipwa, kisha shule ya sekondari huko Texas, na mwaka 2015 chuo kidogo cha Kikristo cha Southwestern Christian, Oklahoma, kikampa ukocha mkuu. Aliondoka 2017 baada ya kurudia mbele ya kamera za filamu ya matukio halisi maneno yale yale ya kumchafua marehemu. Rouse alipata nafasi ya ujira mdogo katika chuo cha daraja la pili, na hakurudi tena kwenye benchi la chuo kikubwa. Mike Krzyzewski, wakati huo kocha wa Duke na anayeheshimiwa kuliko karibu wote, alisema waziwazi kwamba msaidizi anayemrekodi bosi wake kwa siri hawezi kubaki kwenye kikosi chake.

Ninaelewa alichokusudia. Kazi haiendi bila kuaminiana, na ofisi yenye vinasa sauti mifukoni ni ofisi iliyokufa. Hata mimi nisingependa kurekodiwa. Lakini uaminifu unaodaiwa kwa bosi una mpaka, na mpaka huo ulivukwa pale bosi alipoagiza maiti isingiziwe. Baada ya hapo aliyestahili uaminifu wa Rouse alikuwa mama wa marehemu. Makocha waliomfungia mlango hawakuwa waovu. Walijipima wenyewe ndani ya kisa kile, wakajiona katika kiti cha Bliss badala ya kujiona katika kiti cha mzazi, na hilo ni kosa la hukumu ambalo sisi sote tulio na vyeo hulifanya kirahisi.

Wewe unayeajiri, iwe ni makocha, walimu au makarani, ukiletewa jina la aliyefukuzwa, usiishie kuuliza alishinda mara ngapi na alifukuzwa kwa nini. Tafuta namba za waliokuwa chini yake, uwapigie wawili watatu, uwaulize aliwafanyia nini wiki ile ya mwisho. Na kama miongoni mwao yumo aliyepoteza kazi kwa kusema kweli, mwite naye kwenye mahojiano.