Gharama ya Kusikika



Vijana wawili wa kwaya wamenijia kwa nyakati mbalimbali na swali moja: ni maikrofoni gani ya kondensa, yenye bei wanayoimudu, itakayowafaa kurekodia nyimbo nyumbani? Zile siku ambapo kwaya ilipanda basi kwenda kutafuta studio mbali na kurudi na kanda zimepita kwa wengi wetu. Leo kijana mwenye kompyuta na chumba chake cha kulala huweza kurekodi wimbo mzima bila kutoka nje. Mimi si fundi, lakini nimekaa karibu na shughuli hizi kwa miaka kadhaa, na machache ninayoyajua nitayasema. Ila kadiri nilivyolifikiri swali lao, ndivyo nilivyoona kwamba ndani yake mna swali jingine ambalo muuza duka hawezi kulijibu, nalo ni hili: yanipasa kuwagharimu wenzangu kiasi gani ili mimi nisikike?

Kwanza tukielewe kitu chenyewe. Maikrofoni ya kondensa ilibuniwa mwaka 1916 na E. C. Wente, mtaalamu wa kampuni ya Western Electric huko Marekani. Ndani yake mna utando mwembamba mno, uliowekwa karibu sana na bamba lisilotikisika, na kati ya viwili hivyo mna chaji ya umeme. Sauti ikiupiga utando, utando hutikisika, na mtikisiko huo hugeuka kuwa mawimbi ya umeme. Kwa kuwa utando ni mwepesi, huitika hata kwa pumzi ya mwimbaji. Ndiyo sababu waimbaji huipenda: kila herufi yasikika, na sauti laini haipotei.

Ile maikrofoni ya mkononi tuliyozoea kuiona mikutanoni ni ya namna nyingine. Utando wake umefungwa koili ya waya, kwa hiyo ni mzito zaidi na hauitiki kwa wepesi ule. Aidha hutumiwa mdomo ukiwa karibu kabisa nayo, hivyo makelele ya mbali hubaki nyuma ya sauti ya mwimbaji.

Sasa nisimulie jambo nililoliona kwa macho yangu. Kijana mmoja wa hapa Manyoni alipewa na mama yake fedha za magunia mawili ya alizeti, akanunua maikrofoni ya kondensa ya bei ndogo kuliko zote alizoziona. Alipoifikisha nyumbani akaichomeka katika simu, akaimba, na hakusikia kitu ila mvumo. Hakujua kwamba kondensa nyingi za kurekodia huhitaji umeme wa volti 48, unaopelekwa kwa waya uleule unaoleta sauti, na kwamba simu haitoi umeme huo. Yahitajiwa kisanduku maalum cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta. Tena wahitajiwa waya wenye pini tatu, na kigingi cha kusimamishia maikrofoni, maana ukiishika mkononi nayo itausikia mkono wako. Mama akatoa fedha nyingine, alizokuwa ameziweka kwa ajili ya bati za jiko. Basi maikrofoni ya bei ndogo ikawa imekula alizeti na bati pia. Sote twaujua mfano wa mtu aliyetaka kujenga mnara asihesabu kwanza gharama yake. Nadhani waweza kusomwa vema hata mbele ya duka la vyombo vya muziki.

Lakini gharama haikuishia hapo. Vyombo vilipokamilika, kijana alianza kurekodi, na katika spika akasikia nyumba yao jinsi ambavyo hakuwahi kuisikia. Wahenga walisema kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala. Ni kweli, kwa kuwa mwenye nyumba amezizoea. Maikrofoni haijazoea kitu. Ilisikia kuku uani, mashine ya kusaga ya jirani, bati likilia kwa upepo. Ikasikia pia kikohozi cha bibi yake, aliyekuwa amelala chumba cha pili.

Nilifika pale jioni moja ya mwezi wa Julai. Wenyeji wa mkoa huu wajua upepo wetu wa miezi hiyo. Nyuma ya nyumba nikamkuta bibi ameketi juu ya kigoda, amejifunika blanketi mpaka masikioni.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, ila usiseme kwa nguvu. Mwenzio anaimba.”

Nikamwuliza ameketi hapo tangu lini. Akaonyesha kwa kidevu mahali lilipokuwa jua alipotoka nje. Kwa kukadiria zilikuwa saa mbili zimepita. Hakulalamika hata kidogo. Hakuna aliyemfukuza, bali mjukuu alisema tu kwa kuugua, “Bibi, kikohozi kimeharibu tena,” naye akajiondokea mwenyewe. Wimbo ulikuwa mzuri, wala sina neno juu ya maneno yake.

Tangu siku hiyo nimelitafakari jambo hili. Jibu jepesi lingekuwa kumlaumu kijana na kusema maikrofoni ni majivuno. Sikubaliani na jibu hilo. Kila anayesikika husikika kwa sababu wengine wamenyamaza. Mwalimu hufundisha darasa likinyamaza, na mhubiri husikika watu wakiwatuliza watoto wao. Hata wanamuziki waliorekodi kwa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 walihitaji ukimya. Tofauti ni kwamba wao walirekodi ndani ya studio. Na studio ni nini? Ni nyumba ambayo ukimya wake umenunuliwa kwa kuta, na milango mizito, na vitu vya kunyonya mwangwi. Kwa sababu ya kuta hizo, aliye nje aweza kuendelea na shughuli zake, akakohoa apendavyo.

Anayerekodi nyumbani hana kuta hizo. Hata hivyo ukimya anauhitaji vilevile, na asipoununua hana budi kuukopa kwa watu: kwa bibi, kwa watoto wanaocheza, kwa jirani mwenye mashine. Nao humpa bure, kwa upendo. Hapo ndipo hatari ilipo, maana kitu tunachopewa bure hatukihesabu. Kijana yule angeweza kukuambia bei ya maikrofoni mpaka shilingi ya mwisho, lakini saa mbili za bibi katika baridi hakuziandika popote.

Mtu ataniuliza: je, haifai basi kununua chombo bora zaidi, ili kazi ifanyike upesi na kwa heshima? Nami sisemi kazi ya kwaya ifanywe ovyo. Lakini tufikiri. Sikio kali zaidi, likiwekwa katika nyumba ileile, litasikia zaidi mambo ya nyumba ileile. Chombo ghali hakimpeleki kuku mbali. Tukumbuke kwamba fundi Bruce Swedien, alipomrekodi Michael Jackson kwa ajili ya albamu ya Thriller ya mwaka 1982, alitumia maikrofoni ya koili, Shure SM7, ingawa kwa hakika hakukosa uwezo wa kupata kondensa. Alichagua chombo kinachoifaa sauti iliyokuwa mbele yake.

Tukitaka mfano wa karibu nasi, tumtazame Hugh Tracey, ambaye mwaka 1950 alipita Tanganyika akirekodi nyimbo za watu wa makabila mengi, wakiwemo Wagogo. Hakuwa na studio ya kuwaingiza waimbaji. Aliwafuata walipo, akaishika maikrofoni mkononi, akaisogeza karibu na sauti au ala aliyoihitaji. Kukaribia ni njia mojawapo ya kupunguza deni la ukimya. Aliye karibu hana haja ya kuwanyamazisha walio mbali.

Kutokana na hayo, nawajibu vijana wangu wawili kama ifuatavyo.

Kabla hujatoa fedha, isikilize nyumba yako. Waweza kufanya hivyo bila kununua kitu. Mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West, watafiti wa maabara za Bell huko Marekani, walibuni kondensa ndogo inayohifadhi chaji yake yenyewe, isiyohitaji volti 48 zile. Maikrofoni za jamii hiyo ziliingia katika kanda na simu duniani kote, na hata zile zilizomo katika simu za sasa hufanya kazi kwa kanuni ya kondensa. Kwa hiyo iweke simu yako juu ya meza, irekodi dakika tano za ukimya wa chumba chako, kisha usikilize. Utakayoyasikia hapo, maikrofoni mpya itayasikia kwa ukali zaidi.

Ukikuta chumba kimetulia, chagua kondensa ya bei ya kadiri iliyo ya namna inayosikia zaidi mbele kuliko nyuma, kama vile AT2020 ya Audio-Technica, nawe uhesabu tangu mwanzo kisanduku, waya na kigingi. Ukikuta chumba kina makelele usiyoweza kuyaondoa, nunua ya koili, kama Shure SM58, uimbe karibu nayo. Usione haya, aina hiyo imetumika tangu mwaka 1966 na waimbaji wakubwa. Na asiye na fedha za vyote viwili asiuze bati za mama yake. Simu, blanketi na saa iliyotulia vyatosha kwa kuanzia.

Kisha jenga kuta kwa ulivyo navyo. Magodoro yaliyosimamishwa, mablanketi na nguo nene zilizotundikwa nyuma na pembeni mwa mwimbaji hunyonya mwangwi wa chumba. Soksi nyembamba ya kike iliyovutwa juu ya pete ya waya, ikawekwa kati ya mdomo na maikrofoni, huzuia pumzi ya herufi “p” na “b”. Simama umbali wa shubiri moja. Subiri kuku walale na mashine izimwe. Kila jambo la namna hii unalolifanya wewe mwenyewe ni sehemu ya ukimya ambayo hutaikopa kwa mwingine.

Ukimya utakaobaki, uombe. Kuugua mbele ya mzee si kuomba, kwa kuwa humwachia yeye kazi ya kujihukumu. Mwambie: “Bibi, naomba nusu saa, kuanzia saa tatu usiku. Kikohozi kikija, kohoa, nami nitarudia.” Mtu aliyeombwa ana nafasi ya kukataa, na akikubali amekuwa mshiriki wa kazi. Yule asiyeombwa, akinyamaza, amenyamazishwa tu.

Mwisho, nashauri tusinunue kila mtu chake. Maikrofoni moja nzuri ya kwaya, itunzwayo kavu na kuepushwa na vumbi, ikazunguka kwa zamu, itagharimu kila nyumba kidogo. Na chumba kimoja tulivu tukakitengeneza pamoja kwa mablanketi yetu, tukawaacha wazee wetu walale vitandani mwao.

Kijana yule nilimweleza haya, si kwa ukali. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia, “Sikujua kuwa alikuwa nje.” Nilimwamini. Alikuwa amevaa vile vya kusikilizia masikioni mwake, naye alisikia kila kitu ndani ya chumba kile, hata pumzi yake mwenyewe. Siku hizi hurekodi usiku, baada ya kuomba ruhusa, na bibi ndiye anayewaambia watoto wadogo watulie.

Ndugu zangu, tafuteni maikrofoni mnayoimudu. Lakini mnapohesabu bei yake, msimwache nje ya hesabu yule atakayenyamaza ili ninyi msikike.