Adui Aliyeanguka Lugalo

Tusafiripo kwa basi kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, tukishaiacha Iringa tunapita Lugalo. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, mashujaa wa Mtwa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani. Kamanda wake, Emil von Zelewski, aliyekuja akichoma vijiji njiani, aliuawa.

Tukiwasimulia watoto wetu habari hii, tunafurahi. Lakini je, Mkristo akifurahie na kifo cha Zelewski? Twaona sivyo. Kuzuiwa kwa dhuluma ni jambo la kushukuru. Kufa kwa mtu si jambo la kushangilia. Tena walioanguka pamoja naye wengi walikuwa askari Waafrika, kila mmoja na mama yake. Wahehe nao walizika wao.

Sisi twajua uchungu wa marehemu kudharauliwa. Mkwawa alipokufa mwaka 1898, kichwa chake kilikatwa. Fuvu linaloaminika kuwa lake lilirudi Kalenga mwaka 1954. Lililotuuma tusiwatendee wengine.

Basi tupitapo Lugalo, tumshukuru Mungu kwa ushujaa wa wazee wetu, na hukumu ya Zelewski tumwachie Yeye.