KUSOMESHA: NI SANAA, AU NI KIMBILIO LA ALIYEKOSA KAZI?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ama baada. Watu huuliza: Je, kusomesha ni sanaa ya haki kama uhunzi na utabibu, au ni kimbilio la mtu aliyekosa kazi nyingine? Suala hili lafaa kupimwa mahali ambapo kila kitu hupimwa kwa mizani.

Huko Mwakitolyo, katika nchi ya Shinyanga, watu wamekusanywa na dhahabu. Mchimba duara ana fungu lake, msaga mawe kwa karasha ana ujira wake, na aoshaye kwa zebaki ana wake. Kila mmoja ni fundi, wala hapana abishaye. Lakini baba akidaiwa ada ya chuo, ni wepesi kusema, "Mwalimu atangoja, kazi yake ni kwa Mungu." Fundi wa karasha hangojeshwi. Na mwalimu akingojeshwa sana, huacha juzuu akashika sururu, na watoto wakamfuata shimoni.

Sababu ya tafauti hii ni moja. Kazi ya fundi wa dhahabu huonekana katika mizani jioni ile ile. Kazi ya mwalimu huonekana baada ya miaka 20, naye pengine yu kaburini. Watu wakadhani kisichopimika leo hakina thamani. Kumbe mchanga ulioshwa vibaya una marudio: huoshwa tena ukatoa dhahabu iliyosalia. Mtoto hana marudio.

Asemaye kuwa kusomesha ni ibada, na ibada haina ujira, na atazame madhehebu ya Imamu Shafi'i. Yafaa kumwajiri mtu asomeshe Qur'ani, na yafaa masomo hayo kuwa mahari ya mke, kwa hadithi zilizomo katika Sahihi ya Bukhari. Nacho kisicho na thamani hakiwi mahari. Kweli, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, amemtaka mwalimu asitafute ujira. Lakini hiyo ni adabu ya mwalimu juu ya nafsi yake, si hoja ya baba kuzuia haki ya mtu. Mwenye kusamehe deni ni mdai, si mdaiwa.

Na asemaye kuwa kila ajuaye aweza kusomesha, Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808, amemjibu: amekuhesabu kusomesha katika sanaa, kuna daraja zake, na akaonya kuwa ukali humharibu mwanafunzi. Kiswahili nacho chashuhudia, kwani fundi, mwanafunzi na kufundisha ni maneno ya shina moja. Hata Bunge la Tanzania, mwaka 2018, lilitunga sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu.

Lakini sanaa ina dhamana. Mshoni aliyeharibu nguo kwa uzembe hulipa. Basi mwalimu asiyejua makharij, au apigaye kwa hasira, au atumaye watoto shambani kwake saa ya somo, asidai heshima ya fundi. Baba na atimize ujira, na mwalimu atimize kazi.

Imamu Shafi'i mwenyewe alikuwa yatima, mamake hana cha kumlipa mwalimu. Mwalimu akaridhika mtoto awaangalie wenziwe kila atokapo. Fukara, basi, ana njia. Mwenye dhahabu mkononi ana udhuru gani?

Wallahu aalam.