Kakungulu na Kazi Moja ya Maisha

Semei Kakungulu akitajwa leo nje ya Uganda, hutajwa kwa jambo moja tu: ndiye aliyeanzisha Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa vilima vya Mbale. Kazi hiyo aliianza mwaka 1919, umri wake ukikaribia miaka hamsini, na alifariki mwaka 1928. Kabla ya hapo alikuwa jemadari wa Buganda, na mwaka 1899 alikuwa katika kikosi kilichowateka Mwanga, aliyekuwa kabaka (mfalme) wa Buganda, na Kabalega wa Bunyoro. Alijenga ngome Budaka, akaitawala Bukedi akitumaini Waingereza wangemtambua kuwa kabaka wa nchi ile. Mwaka 1902 wakamwondoa Budaka, akahamia Mbale, akachonga barabara na kupanda miti mpaka mji ukasimama. Kuanzia 1906 hadi 1913 alikuwa Jinja, akiongoza Lukiko, yaani baraza la utawala, ya Busoga. Ufalme hakuupata. Je, ni haki mtu aliyetenda yote hayo apimwe kwa kazi moja, tena ya mwisho?

Kwa upande wake yeye, naona hakudhulumiwa. Kazi ikishamtoka mwenyewe huwa ya wanaoitunza, iwe wimbo, kitabu au dini. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha sala na kanuni, lakini imani yake ya mwanzo bado ilikuwa na mabaki ya Ukristo, na waliomfuata ndio walioyaondoa hatua kwa hatua. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, wengi waliiacha, na mia chache tu wakabaki wakisali kwa siri. Mwaka 2002 mamia walithibitishwa rasmi katika Uyahudi mbele ya marabi waliotoka ng'ambo, na mwaka 2008 Gershom Sizomu, mtoto wa jumuiya hiyo, akatawazwa kuwa rabi. Jina la mwanzilishi limeokolewa na watu ambao hakuwahi kuwaona. Kuna wanaosema kwamba dini hiyo ilizaliwa na kinyongo, kwa kuwa manung'uniko ya Kakungulu juu ya cheo na ardhi hayakukoma. Kinyongo kilikuwapo, na pengine moyo wake uligawanyika hadi mwisho kati ya ufalme alioukosa na sala alizozianzisha. Lakini kinyongo kinaeleza kwa nini aliwapa Waingereza kisogo na kujiunga na Wamalaki, madhehebu ya Kikristo yaliyokataa dawa. Hakielezi kwa nini mtu mzima, asiye na cheo cha kutarajia, atahiriwe pamoja na wanawe na kuachana hata na hao Wamalaki. Nia iliyofichika humo ni ya Mungu kuipima. Sisi tunaweza kupima matunda tu.

Dhuluma ninayoiona iko kwingine. Wagisu, Wagwere na Wateso wa wakati ule, wenyeji wa maeneo aliyoyatawala, hawakukutana na mwasisi wa sinagogi. Walikutana na askari waliochukua ng'ombe, na machifu wa Kiganda waliowekwa juu yao kutawala kwa Kiganda. Tukimwita Kakungulu baba wa Abayudaya na kuishia hapo, sifa ya kazi moja inageuka kuwa msamaha, na wanaoutoa si wale waliotendewa. Atakayejibu kwamba kumbukumbu ya watu haiwezi kubeba kila kitu ana hoja, kwani hakuna jamii inayokumbuka bila kuchagua. Hata hivyo, maandiko ambayo Kakungulu aliyasoma kwa bidii yanaonyesha namna nyingine ya kuchagua. Daudi anajulikana kwa zaburi, na kwa wengi ndiye mtunzi kuliko mfalme. Lakini kitabu cha pili cha Samweli hakikumficha Uria, mume wa Bathsheba, wala barua iliyomtanguliza vitani ili afe. Waliozitunza zaburi ndio waliotunza na habari ya Uria, na sala za Daudi hazikupoteza thamani kwa sababu hiyo. Kwa mizani hiyo, Abayudaya hawana cha kuogopa ukweli wote ukisemwa, kwa sababu uaminifu wao wenyewe wakati wa Amin haukutegemea usafi wa mwanzilishi.

Basi anayepanda kilima cha Nabugoye kuiona sinagogi ya Abayudaya, asiridhike na habari za 1919 peke yake. Afike Budaka pia, awaulize wazee huko wanamkumbukaje Kakungulu.